Mwanafunzi wa utafiti aanzie mlangoni, si kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie hoja ya msomaji mwenzangu, aliyeandika kwamba vijana wanaohitimu masomo ya jamii hawaaminiki kazini kwa sababu hawajui programu za kompyuta za kuchambua takwimu, na akashauri mafunzo ya programu hizo yaanze tangu muhula wa kwanza. Nia yake ni njema na malalamiko yake yana ukweli ndani yake, ila dawa anayoiandika ni ya ugonjwa mwingine. Nimekuwa mdodosaji, yaani mtu wa kuwafuata watu na kuwauliza maswali ya utafiti, kisha msimamizi wa wadodosaji, na siku hizi ni mtu wa kukimbiliwa na wanafunzi ambao takwimu zao zimegoma kutoa maana wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu. Katika kazi zote hizo ni mara chache mno nimekuta utafiti ulioharibikia kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta uharibifu hugunduliwa tu; wenyewe unakuwa umekwisha kutokea zamani, siku swali lilipoandikwa vibaya au siku mlango fulani uliporukwa kwa sababu mbwa alikuwa mkali.

Hata kosa linaloonekana kuwa la kompyuta, ukilifuata nyuma, mara nyingi linakufikisha kwenye dodoso. Mwanafunzi mmoja aliniletea faili la majibu ya watu 100 akiwa amekata tamaa, kwa kuwa programu ilimwambia kwamba wahojiwa wake wana wastani wa watoto karibu tisa kila mmoja, na yeye mwenyewe hakuamini. Tulifungua safu ya swali lile, tukaipanga kuanzia namba ndogo hadi kubwa, na mwishoni kabisa wakajitokeza watu watano wenye watoto 99 kila mmoja. Ile 99 ilikuwa alama ya "hakujibu", iliyowekwa na aliyetunga dodoso, ikaingizwa kwa uaminifu na aliyeingiza data, kisha ikajumlishwa na mashine isiyojua tofauti kati ya mtoto na ukimya. Wale 95 waliobaki walikuwa na wastani wa watoto wanne. Kijana yule alikuwa hodari wa programu kuliko mimi. Angeweza kuchora grafu ya rangi saba kabla sijavaa miwani. Asichokijua ni dodoso lake, ambalo alilirithi kwa aliyemtangulia, likajazwa na watu aliowalipa, na yeye akakutana nalo kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha kugeuka namba.

Kutunga swali ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu kila mtu anaamini anajua kuuliza. Kwetu sisi tunaododosa kwa Kiswahili dharau hiyo ina gharama ya pekee, maana madodoso mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku wa kuamkia safari. Chukua swali la kukanusha kama hili: "Je, hukwenda kliniki mwezi uliopita?" Mtu ambaye hakwenda atajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sikwenda. Mdodosaji atatia alama kwenye kisanduku cha "Ndiyo", na kwa yule aliyelitunga dodoso kwa Kiingereza kisanduku hicho kina maana kwamba mtu huyu alikwenda. Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kuandika, na bado jibu limepinduka juu chini. Tena hata ile desturi nzuri ya kumpa mtu wa pili alirudishe dodoso katika lugha ya awali bila kuliona la kwanza, ili matini mbili zilinganishwe, haitalikamata kosa hili, kwa sababu tafsiri yenyewe ni sahihi kabisa. Kinachotofautiana ni namna watu wanavyoitikia. Atakayelikamata ni yule aliyekaa mbele ya mhojiwa, akasikia "Ndiyo", akaona kichwa kinatikisika kukataa, na akashangaa.

Yapo mengine ya namna hiyo. Ukimuuliza mtu huamka saa ngapi akakuambia saa kumi na moja, kishikwambi kilichopangwa kwa saa za kigeni kitapokea 11:00 bila kulalamika, na ripoti itaonyesha jamii nzima ya watu wanaolala hadi karibu na adhuhuri. Ukiuliza "Una ndugu wangapi?", mmoja atakuhesabia wa tumbo moja tu na mwingine atakupangia watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa, na wote wawili watakuwa wamejibu sawasawa. Neno "kaya" nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa wengi wakilisikia hufikiria nyumba au ukoo. Ndiyo maana mwongozo mzuri wa wadodosaji hausemi tu kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, bali humtaja mwanafunzi wa bweni, mfanyakazi wa ndani na baba aliye safarini, na kueleza kila mmoja anahesabiwa wapi.

Nakumbuka siku tulipokuwa tukijaribisha dodoso la huduma za maji. Swali la sita lilikuwa hivi: "Je, unaridhika kiasi gani na bei na ubora wa maji?" Bibi mmoja alilisikiliza hadi mwisho, akamtazama mdodosaji wangu kwa huruma, akamwambia: "Mjukuu wangu, nikujibu la bei au la ubora? Maji ni mazuri. Bei ndiyo inayonimaliza." Mdodosaji akatazama visanduku vyake vitano, kuanzia "naridhika sana" hadi "siridhiki kabisa", asione hata kimoja kinachomtosha yule bibi, akatia alama cha katikati. Jioni, tulipokaa kupitia majibu, tuligundua kwamba visanduku vya katikati vilikuwa vimejaa kuliko vyote, na laiti yasingekuwa majaribio tungeandika kwamba wananchi wengi hawana msimamo kuhusu huduma ya maji. Walikuwa na misimamo miwili, na sisi tulikuwa tumewapa nafasi ya mmoja. Mhadhara wa saa mbili kuhusu maswali mawili yaliyofungwa katika moja usingemfundisha mdodosaji yule nusu ya kile alichofundishwa na bibi katika dakika moja, na sijapata kumwona akirudia kosa lile.

Kwa wanaodhani kwamba uteuzi wa maneno ni urembo tu, kuna jaribio la zamani la Donald Rugg, aliyelichapisha nchini Marekani mwaka 1941. Kundi moja liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadhara dhidi ya demokrasia, na asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi lingine, linalolingana na la kwanza, likaulizwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo, na waliotaka marufuku walikuwa asilimia 46. Kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo lilelile mbele ya sheria, lakini mbele ya mhojiwa neno "marufuku" lina ukali ambao wengine hawako tayari kuubeba. Tofauti ya asilimia 16 ilizaliwa na kitenzi kimoja. Vipimo vya kukubali na kukataa, ambavyo mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert alivianzisha mwaka 1932 na ambavyo sasa vimetapakaa katika kila dodoso, vina mtego wao pia: jaribu kumsomea mtu kwa sauti "nakubali kwa kiasi fulani" na "sikubali kwa kiasi fulani", kisha umwombe akueleze tofauti yake. Wengi watakuambia ni kitu kimoja, na kwa Kiswahili cha kawaida wana haki.

Tuje kwenye sampuli, yaani wale wachache wanaoteuliwa kuwawakilisha wote, ambako nina ugomvi wa muda mrefu na fomula moja, au tuseme na matumizi yake. Karibu kila tasnifu ninayoletewa ina fomula ya mwanatakwimu Taro Yamane ya kujua udodose watu wangapi, ambayo huchukua idadi ya watu wote na kuigawanya kwa moja kujumlisha idadi hiyohiyo mara kipeo cha pili cha kosa linaloruhusiwa. Ukiweka watu 10,000 na kosa la asilimia 5 unapata 385. Ukiweka watu milioni moja unapata 400. Fomula yenyewe haina ubaya. Lakini ndani yake kuna masharti yasiyosemwa: kwamba unatafuta asilimia moja ya kundi zima, kwamba umekisia hali ngumu kuliko zote ambapo watu wamegawanyika nusu kwa nusu, kwamba unataka uhakika wa asilimia 95 hivi, na zaidi ya yote kwamba kila mtu katika kundi lile alikuwa na nafasi sawa ya kuteuliwa, mmoja mmoja, kwa nasibu, yaani kama kwa kura. Mwanafunzi akishapata 385 yake na kuiandika katika sura ya tatu kwa wino mzito, huenda kusimama langoni na kumpa dodoso kila aliyekubali kusimama. Hesabu ameipata kwa masharti ya nasibu, watu amewapata kwa masharti ya urahisi, na hakuna kosa la asilimia 5 linalohusu watu hao.

Wala kuteua kwa nasibu hakumalizi mambo. Kwa kawaida hatuteui watu mmoja mmoja kutoka orodha moja ndefu, kwa kuwa orodha hiyo mara nyingi haipo na nauli ya kuwafuata haipo pia. Tunateua maeneo kwanza, kisha kaya kadhaa ndani ya kila eneo. Majirani hufanana. Wanatumia kisima kimoja na barabara moja, watoto wao wanasoma shule moja, kwa hiyo jirani wa ishirini hakuongezei habari nyingi kama mtu wa kwanza. Hesabu yake ni rahisi na kila mwanafunzi angepaswa kuifanya kwa mkono: ukidodosa watu 1,000 katika maeneo 50, yaani 20 kila eneo, na kipimo cha kufanana kwao, ambacho sifuri yake ni kutofanana na moja yake ni kufanana kabisa, kikawa 0.05 tu, chukua 19 (yaani 20 toa mmoja) mara 0.05 ujumlishe moja, unapata 1.95. Gawanya 1,000 kwa hiyo: watu wako 1,000 sasa wana uzito wa watu kama 513 walioteuliwa mmoja mmoja. Ukilielewa hilo utajua kwa nini ni afadhali kwenda maeneo mengi na kudodosa wachache katika kila moja, ingawa dereva atanung'unika.

Nadhani vijana wangeiheshimu zaidi nasibu kama wangeambiwa kwamba haikukubalika kirahisi. Anders Kiær wa Norway alipowaeleza wanatakwimu wenzake mjini Bern mwaka 1895 kwamba sehemu iliyoteuliwa kwa uangalifu inaweza kusema kwa niaba ya wote, alikutana na upinzani mkali, na ubishi ukaendelea kwa miongo kuhusu namna ya kuiteua sehemu hiyo, hadi makala ya Jerzy Neyman ya mwaka 1934 ilipoonyesha kwa hoja za hisabati kwa nini uteuzi wa nasibu unaaminika kuliko uteuzi wa hekima ya mtafiti. Mwanafunzi wetu anapewa matunda ya ubishi wa miaka karibu 40 katika slaidi moja, kati ya saa nne na saa nne na nusu, na tunashangaa akiyachukulia kuwa utaratibu wa kujaza fomu.

Nifike mlangoni, penye kiini cha barua hii. Mdodosaji amepewa namba ya kaya, anabisha hodi, hakuna mtu. Jirani yuko kibarazani, ana nafasi na anapenda mazungumzo. Kwa nini asidodoswe huyu? Kwa sababu aliye nyumbani saa tano asubuhi na aliye kazini saa tano asubuhi hawafanani: si kwa umri, si kwa kipato, si kwa mambo wanayoyajua. Ukimchukua jirani kila mara, utakuwa umefanya utafiti wa watu wanaokaa nyumbani mchana na kuuita utafiti wa wananchi. Kwa hiyo utaratibu ni kurudi, jioni au siku ya mapumziko, mara tatu kabla ya kukata tamaa, na kuandika kila safari. Hata mlango ukifunguliwa, anayeufungua siye lazima anayetakiwa. Mwanatakwimu Leslie Kish alichapisha mwaka 1949 jedwali linalomwongoza mdodosaji amteue nani kati ya watu wazima wa kaya, ili asimchague mchangamfu kuliko wote au mwenye sauti. Wanaododosa kwa simu nao wana mlango wao: kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliripoti kwamba waliojibu dodoso zake za simu walishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi asilimia 6 mwaka 2018. Swali la kujiuliza ni kama, katika kila mia, wale 94 wasiojibu wanafanana na wale sita, na hakuna programu itakayokujibu, kwa kuwa wale 94 hawamo kwenye faili.

Na mdodosaji naye ni binadamu. Jua linawaka, miguu inauma, na malipo ni kwa dodoso lililojazwa. Mmoja wa vijana wangu aliwahi kuniletea madodoso 14 kwa siku moja, safi, yasiyo na kikwaruzo, na sikuwa na shaka nayo hadi nilipopita kwenye safu ya umri: 31, 47, 28, 53, 36. Hapakuwa na umri hata mmoja ulioishia na sifuri wala tano. Watu halisi, hasa wasio na cheti cha kuzaliwa, hukadiria, na wakikadiria husema thelathini, arobaini, arobaini na tano. Wanaosoma idadi ya watu wana hata kipimo cha tabia hiyo, fahirisi ya Whipple, inayosoma 100 pasipo na upendeleo na 500 pale kila mtu anapotaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ya kijana wangu ingesoma sifuri. Nilimwambia twende pamoja tukawasalimie wahojiwa wake. Kaya ya kwanza hawakumkumbuka, ya pili vilevile, na kwenye namba ya tatu tulikuta kiwanja kitupu chenye mbuzi. Sikumfukuza, nilimpa eneo lingine na kumwongezea siku, maana ukweli ni kwamba ratiba niliyokuwa nimempa haikuwezekana kwa mtu anayedodosa kwa haki. Kosa lile tulikuwa tumeligawana.

Mwanatakwimu P. C. Mahalanobis wa India, alipokuwa akipima ukubwa wa mashamba ya juti, mmea wa nyuzi za magunia, huko Bengal katika miaka ya 1930, alikuwa na ujanja ambao ningependa kila darasa liufanye. Aliligawa eneo lilelile katika sampuli mbili zinazoingiliana, akazikabidhi kwa timu mbili zisizowasiliana. Majibu ya timu hizo yakipishana kupita kiasi cha bahati, kosa halipo kwa wakulima, lipo kwa wapimaji. Ninapolifanya zoezi hili na wanafunzi, timu mbili, dodoso moja, kundi moja la watu, hurudi na asilimia ambazo zinawatia aibu, kisha huanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: wewe ulilisomaje swali la nne? Mmoja hukiri kwamba alikuwa akisema, "Wewe bila shaka unatumia chandarua, sivyo?" Kuanzia hapo sihitaji kuwahubiria kwamba swali lisomwe kama lilivyoandikwa.

Kuhusu uchambuzi nitasema machache, na si kwa sababu ni mwepesi. Anayelijua dodoso lake anajua pia kwamba asilimia 60 ya waliojibu swali la 22 si asilimia 60 ya wote, kwa kuwa swali la 21 liliwaelekeza wengine waliruke; anajua kwamba aliyeteua idadi sawa ya watu wa mjini na wa vijijini ni lazima awape uzito unaolingana na wingi wao halisi kabla ya kuwajumlisha; na akiona jedwali atauliza asilimia zimekokotolewa kwa safu au kwa mstari, kwa sababu kusema kwamba wengi wa walioacha shule ni wasichana ni habari tofauti kabisa na kusema kwamba wasichana wengi wameacha shule. Haya yote programu huyafanya kwa kubofya kitufe. Kitufe kipi kibofywe ni uamuzi ambao hauko ndani yake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kinyume cha la msomaji mwenzangu. Muhula wa kwanza darasa lifanye utafiti mmoja mdogo, wa maswali yasiyozidi kumi, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mwanafunzi apite katika kila hatua kwa mikono yake. Najua nitaambiwa hakuna fedha za safari. Hazihitajiki. Chuo chenyewe kiwe ndiyo jamii inayochunguzwa na daftari la usajili liwe ndiyo orodha ya kuteulia, namba zichezeshwe kwa nasibu mbele ya darasa, na walioteuliwa watafutwe hadi wapatikane, wakiwamo wale wasiohudhuria vipindi, ambao ndio wenye mengi ya kusema. Kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, kila mtunzi adodoswe kwa maswali yake mwenyewe na mwenzake asiyecheka. Kisha achukue watu watano, awasomee kila swali na kuwaomba walieleze kwa maneno yao limeuliza nini. Zoezi hilo la saa mbili huua maswali mengi kuliko jopo la maprofesa. Waombe idhini kwa maneno yanayoeleweka, wakubali kukataliwa bila kununa, na orodha ya majina ikae mbali na majibu, chini ya ufunguo. Majibu yaingizwe mara mbili na watu wawili tofauti ili yanapopishana dodoso lenyewe lifunguliwe na kusomwa. Majedwali ya kwanza yachorwe kwa mkono, kwa vijistari vitano vitano. Baada ya hapo walete kompyuta, na nawahakikishia wataijifunza kwa wiki mbili, kwa kuwa watakuwa na kitu cha kuiuliza.

Wapo watakaosema kwamba darasa la watu 200 haliwezi kuendeshwa hivyo na mhadhiri mmoja. Ni kweli, haliwezi, na hilo ni tatizo la kweli ambalo sina jawabu lake zaidi ya kuwatumia wanafunzi wa mwaka wa tatu kama wasimamizi, jambo ambalo kwa bahati nzuri ndiyo njia bora ya kuwafundisha hao wa mwaka wa tatu pia.

Nimalizie na gazeti lako, Ndugu Mhariri, kwa heshima zote. Mara kwa mara tunasoma humu kwamba asilimia fulani ya wananchi wanataka hiki au wamechoshwa na kile, na habari inaishia hapo. Magazeti yana historia isiyo ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kama milioni 10 kwa watu waliopatikana zaidi katika orodha za simu na za magari, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48, wakati mpima maoni George Gallup alikuwa amebashiri ushindi wake kwa sampuli ndogo mno ikilinganishwa na ile. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha orodha za matajiri. Waliokichambua baadaye walionyesha kwamba tatizo lilikuwa pia kwa waliozipokea karatasi zile na kuziacha mezani: wapenzi wa Landon walijibu kwa moyo zaidi. Kura ambazo wasomaji wanajipigia wenyewe kwenye simu zao zina ugonjwa huohuo, na wingi wa waliopiga hauuponyi.

Ombi langu ni mistari minne tu chini ya kila habari ya namna hiyo: nani walioulizwa na waliteuliwaje, wangapi walifuatwa na wangapi walijibu, waliulizwa lini na kwa njia gani, na swali lenyewe neno kwa neno. Nafasi ikiwa finyu, basi lichapishwe hilo swali peke yake, kwa lugha aliyosomewa mhojiwa. Hayo matatu mengine nitakuja kuyadai kwa barua nyingine.

Wako,
Msimamizi wa zamani wa wadodosaji